Raha ya Mechi za Daraja la Chini

Klabu ya soka ya Shabana ya Kisii ilishushwa kutoka Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2006, na haikurejea hadi 2023 ilipopanda pamoja na Murang'a Seal. Kwa miaka hiyo 17, shabiki aliyetoka Nyacheki kwenda Uwanja wa Gusii mjini Kisii alikwenda kutazama mpira wa madaraja ya chini. Wapo wanaomhurumia. Mimi simhurumii hata kidogo. Mechi hizo zina utamu wake, mradi ujue unatazama nini.

Anza na ngazi yenyewe. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18. Chini yake ipo Supa Ligi ya Kitaifa, NSL, kisha Divisheni ya Kwanza (ambayo, usiniulize hesabu, ni ngazi ya tatu), halafu Divisheni ya Pili na ligi za mashinani. Timu mbili za kwanza NSL hupanda moja kwa moja, na ya tatu huwania nafasi kwa mchujo dhidi ya timu ya 16 ya Ligi Kuu. Ndiyo maana mechi ya mwisho wa msimu kati ya timu mbili usizozijua inaweza kuwa na presha kuliko dabi: hawa wanasaka kupanda, wale wanakimbia shoka.

Wamarekani wana utaratibu tofauti. Katika besiboli, timu 120 za madaraja ya chini zimefungamana na klabu 30 za ligi kuu. Timu hizo hazipandi kamwe, hata zikishinda kila mechi. Anayepanda ni mchezaji, akiitwa na klabu mama. David Matoma, kijana wa Uganda aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates, ameingia kwa mlango huo. Shabiki wa kule basi huweza kuleta watoto, ale, apunge upepo, na matokeo yasimkoseshe usingizi. Huku kwetu timu nzima hupanda au huzama, na mji mzima nayo.

Sasa uwanjani. Mechi nyingi huanza saa tisa alasiri, na katika milima hii ya Kisii huo ndio wakati mvua hupenda kushuka. Beba mwavuli, lakini usiilaani mvua, kwa maana hapo ndipo somo huanza. Nyasi zikilowa, pasi fupi hukwama kwenye maji, kiungo fundi hupotea mchezoni, na beki anayebutua mbele bila aibu huonekana ndiye mwerevu. Mwangalie kipa. Mzoefu hajaribu kuudaka mpira uliolowa kila mara. Huupiga ngumi au huusukuma pembeni, mbali na lango. Chipukizi huukumbatia, ukamponyoka, na straika tayari yuko miguuni pake.

Kitu kingine ambacho televisheni haikupi ni sauti. Watu wakiwa wachache, kaa karibu na benchi utamsikia kocha akiipanga timu upya kwa Ekegusii na Kiswahili vilivyochanganyika: "Panda! Panda! Nani ana saba?" Mara moja beki wa kulia anasogea hatua tano mbele, na dakika chache baadaye unaona kwa nini. Kwangu mimi hilo ni darasa kuliko uchambuzi wowote wa studio.

Mechi ikichelewa, huenda wanasubiri ambulensi. Bila hiyo refa hapulizi kipyenga. Nunua njugu au muwa, utulie. Balaa kubwa zaidi ni timu ngeni kukosa kufika kabisa, na wenyeji kupewa ushindi wa mezani. Mara nyingi chanzo ni nauli. SoNy Sugar ya Awendo, majirani zetu, walitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006, mwaka uleule Shabana iliposhuka. Mwaka 2019 wakaondolewa Ligi Kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Ikiwa bingwa wa zamani aliyebebwa na kiwanda cha sukari alifika hapo, fikiria timu ya kijijini isiyo na mdhamini wala pesa za televisheni.

Kwa hivyo wikendi hii, iwe ni Uwanja wa Gusii au ule wa shule ulio karibu nawe, wanapokusanya kiingilio lipa. Usichungulie juu ya ua.