Amahala, Usomi na Cheti katika Nyanda za Juu za Kusini

Yasemwa mara nyingi kwamba dharau wanayotupiwa wasomi yatokana na uchache wa shule. Rai hii ni dhaifu. Huko Rungwe, mkoani Mbeya, wamisionari wa Kimoravia na wa Kilutheri walifika mwaka 1891, na shule zikafuata. Lakini heshima ya akili ilikuwapo kabla yao, nayo ilikuwa na makao yake.

Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza katika Good Company (1951) neno la Kinyakyusa ukwangala. Si kupiga soga tu. Ni kula na kuketi pamoja na watu wa rika moja, kusemezana na kubishana kwa adabu. Na Wanyakyusa walishika kwamba humo ndimo mtu apatamo amahala, yaani hekima. Aliyejitenga na wenziwe hakutarajiwa kuwa nayo. Kwa hiyo vijiji vya marika, ambako vijana walijijengea wenyewe, vilikuwa madarasa hasa.

Uhaba wa ardhi, kilimo cha kahawa na safari za migodini vikavimaliza vijiji hivyo. Shule ikabaki peke yake, na hekima ikapimwa kwa cheti.

Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Azimio la Musoma la 1974 likataka mtu afanye kazi kwanza, na mwenendo wake ushuhudiwe, ndipo aingie chuoni. Wako waziitao hatua hizo uadui kwa elimu. Lakini swali lilikuwa la kale: huyu aliyesoma, aweza kuishi na wenziwe? Mkulima wa Tukuyu amchekaye msomi asiyejua kuketi na watu huenda hadharau akili hata kidogo. Ampima kwa amahala, na kumwona amepungua.

Hasara iliyo kubwa zaidi haina kelele, maana cheti huonekana na mazungumzo hayaonekani. Iringa yatoa mfano. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliidai Ujerumani fuvu la Mkwawa. Likarudishwa 1954, na lahifadhiwa Kalenga. Maneno ya baraza lake, yaliyokuwa bado vinywani mwa wazee katika miaka hiyo 35, hayakuwa na mkataba wa kuyadai. Mugyabuso Mulokozi alipotoa tamthilia yake Mukwava wa Uhehe, mwaka 1979, wazee waliolisikia baraza hilo kwa masikio yao walikuwa wamekwisha kufa.