Kocha aende, kocha abakie: tunapimaka nini?



Tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2025, mangaribi, nilikuwa kwenye terasi moja hapa Katuba, Lubumbashi, pamoja na yaya yangu na vijana wengine kama 30. Léopards walikuwa wanacheza na Senegal kule Kinshasa, Stade des Martyrs. Nusu saa na kidogo, tuko 2-0: Bakambu, kisha Wissa. Kuna mutu mwenye alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu bei ya tiketi ya ndege ya kwenda Amerika, na mufukoni hakuwa hata na pesa ya kulipa chupa yake. Mbele ya mapumuziko Pape Gueye akarudisha moja. Kisha mapumuziko, Jackson. Dakika ya 87, Pape Matar Sarr. 2-3.

Mbele ya ile mechi tulikuwa wa kwanza katika kundi na pointi 16, Senegal 15. Kisha mechi, wao 18, sisi 16 yetu ileile.

Mwenye alisimama wa kwanza na kulalamika "Desabre aende!" ni mimi. Ninasema wazi juu watu wengi wenye walikuwa pale wanasomaka ukurasa huu na hawatakosa kunikumbusha. Nilisema anachelewa kubadilisha wachezaji, nilisema anaogopa, nilisema mambo mengine yenye siandike hapa. Yaya yangu, mwenye anafundishaka watoto mupira kila siku ya posho, akangoja nimalize. Kisha akauliza: "Sawa, aende. Banaweka nani? Na ule nani atakuwa na siku ngapi mbele ya Togo?"

Sikuwa na jibu. Nikajibu kwa sauti kubwa tu.

Swali la yaya halikuniacha, na ndiyo sababu ninaandika leo. Sisi wenye tulisoma tunapendaka kusema tunafikiri kwa ushahidi, lakini ukituweka mbele ya mupira, tunakuwa kama kila mutu. Tunapima kocha na kitu kimoja tu: matokeo ya jana.

Chukua mwanafunzi mwenye kwa kawaida anapataka 12 kwa 20. Siku moja analala vibaya, maswali yanaanguka vibaya, anapata 7. Wazazi wanakasirika, wanafukuza mwenye alikuwa anamufundisha nyumbani na kuleta mwengine. Mutihani wenye kufuata, mutoto anapata 12. Nyumba nzima inashangilia mwalimu mupya! Lakini 12 ndiyo ilikuwa kipimo chake tangu mwanzo. Angerudia pale hata na mwalimu wa zamani, hata bila mwalimu. Timu iko vilevile. Kocha anafukuzwaka wakati timu iko chini kabisa, na kutoka chini kabisa, mara nyingi njia yenye kubakia ni kupanda. Wataalamu wa uchumi wenye walilinganisha timu za Ulaya zenye zilifukuza kocha na zile zenye zilipoteza vilevile lakini zikabakia na wake, walikuta mara nyingi kama zote zinapanda karibu sawa. Kocha mupya anapewa sifa ya kupanda kwenye kungekuja tu.

Msifikiri ninasema kocha asifukuzwe hata siku moja. Ningekuwa ninadanganya, zaidi sana hapa Lubumbashi. Mwaka 2010 Mazembe ilibadilisha kocha kampeni ikiwa inaendelea. Lamine N'Diaye akachukua timu, akabeba Ligi ya Mabingwa, kisha akafika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Mwaka 2017 Thierry Froger akatoka, Pamphile Mihayo, mutoto wa nyumba, akaingia, na Kombe la Shirikisho likabakia kwetu. Na Desabre mwenyewe alifikaje? Mwezi wa 6 mwaka 2022, Héctor Cúper alianza kampeni ya Kombe la Afrika kwa kupoteza mechi mbili: mbele ya Gabon kwetu Kinshasa, kisha kule Sudani. Akaondolewa. Desabre akapewa kundi lenye lilikuwa karibu kufa, na akalimaliza wa kwanza, kisha akatupeleka mupaka nusu fainali kule Côte d'Ivoire mwaka 2024. Pale kubadilisha kulisaidia. Mwenye anabisha atuonyeshe ginsi gani Cúper angefika pale.

Tofauti iko wapi, basi? Kwa Cúper tuliona kitu kimoja kinarudia mechi kwa mechi: timu haina kasi, haijue ifanye nini na mupira. Ilikuwa ni namna ya kucheza, na namna ya kucheza ni kazi ya kocha. Kwa Senegal, tuliona dakika 50 mbaya kisha dakika 40 nzuri, mbele ya timu yenye iko na wachezaji wakubwa kuliko sisi. Hata kama makosa ya kocha yalikuwa ndani (mimi bado ninasema alichelewa kubadilisha), ni usiku mumoja. Usiku mumoja hautoshe kutuambia namna.

Na kuna ile hesabu ya siku yenye yaya aliniuliza. Kocha wa klabu anaona wachezaji wake kila asubuhi. Akitaka kubadilisha namna ya kukaba, iko na miezi. Kocha wa inchi anawapata mara chache kwa mwaka, mumoja anatoka Uingereza, mwengine Ufaransa, mwengine Uturuki, wanafika wamechoka na ndege. Kati ya ule usiku na mechi ya Togo ilibakia mwezi moja, na ndani ya ule mwezi hakuna kocha, mupya ao wa zamani, mwenye angepata hata juma moja la mazoezi pamoja nao. Kocha mupya angejifunza majina tu. Ukiongeza mukataba wenye unavunjika na pesa ya kulipa mwenye anaenda na mwenye anakuja, unaona kama "aende" ni neno la bei kali.

Sasa niwape ile historia yenye ilinifundisha zaidi. Ni ya magolikipa.

Mwaka 1974, Zaïre ilienda Kombe la Dunia kule Ujerumani ikiwa mabingwa wa Afrika. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, Mu-Yugoslavia, mwenyewe golikipa wa zamani. Mechi ya pili ilikuwa na Yugoslavia. Dakika ya 21, tukiwa tumefungwa 3, Vidinić akatoa golikipa Kazadi, mutoto wa Mazembe, akaingiza Tubilandu. Mechi ikaisha 9-0. Wazee wetu wengi mupaka leo watakuambia: ule muzungu alituuza kwa ndugu zake. Wachezaji wenyewe walieleza kisha kama walikuwa wamekasirika juu ya pesa yao yenye haikufika, na kama walikuwa karibu kukataa kucheza. Lakini ile haiingie katika hadisi. Hadisi inapenda mutu mumoja na kosa moja.

Tarehe 16 mwezi wa 11 mwaka 2025, Rabat, mbele ya Nigeria. 1-1, muda wa nyongeza unaisha, penalti zinakuja. Desabre anatoa golikipa Mpasi, anaingiza Timothy Fayulu. Fayulu anazuia, Mbemba anafunga ya mwisho, tunapita 4-3. Terasi nzima: "Desabre ni akili!"

Angalia vizuri. Makocha wawili, wote wanabadilisha golikipa wakati mugumu. Mumoja ni musaliti, mwengine ni akili. Fayulu angekosa kuzuia, mimi ninajijua, ningesimama tena wa kwanza. Ya Desabre ilikuwa na sababu yenye tunaweza kueleza: golikipa wa penalti ni kazi ya pekee, na iliamuliwa mbele ya penalti, si katikati ya mafuriko. Ile ndiyo kitu cha kujadili. Tungeijadili vilevile kama tungepoteza.

Niseme na langu. Mwaka 2018, nikiwa G2, nilikuwa sekretere wa komite ya timu ya watoto ya mutaa wetu. Kocha alikuwa papa mumoja, fundi wa kinga. Tulipoteza mechi 4. Sisi wanafunzi watano tukakutana, tukapiga kura dakika 10, tukamuondoa. Hatukumuita hata kumusikia. Tukaweka kijana mumoja mwenye alikuwa na filimbi na kaye yenye michoro. Akashinda 2 za kwanza, na mimi nikaandika raporo ya furaha.

Wakati mvua ilianza, watoto wakaanza kukosa. Ndipo tulijua kama ule papa alikuwa anapita nyumba kwa nyumba asubuhi kuwaamsha, na kuongea na mama zao wenye hawakutaka. Mipira yetu miwili ilikuwa inakaa na pumzi juu alikuwa anaitengeneza na vifaa vya kinga zake. Hakuna hata moja ya ile kazi yenye iliandikwa katika raporo zangu. Mbele ya Noeli timu ilikuwa imekufa. Ninapitaka karibu na pahali pake pa kazi, ananisalimia vizuri, na mimi bado sijamuomba musamaha.

Tarehe 6 mwezi wa 1 mwaka 2026 tulipoteza tena, mbele ya Algeria, 1-0, bao la dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Kombe la Afrika likaishia pale. Mwezi wa 3 mwaka ule ilikuwa inatungojea mechi moja kule Meksiko, na kama tungeshinda tungerudia Kombe la Dunia lenye tulikuwa tumeenda mara moja tu, mwaka ule wa 1974. Terasi ni ileile. Kijana mumoja, labda wa miaka 20, akasimama: "Desabre aende!" Yaya akaniangalia.

Nikamuuliza kijana: "Atakuwa na mazoezi ya siku ngapi, ule mupya, mbele ya Meksiko?"

Akanijibu: "Mukubwa, weye uko supporter ao uko inspecteur?"

Batu bakacheka. Hata yaya.