Alama za barabarani Marekani: Soko limo ndani ya daftari

Biashara ya alama za barabarani nchini Marekani haitegemei nguzo zilizogongwa peke yake. Mnunuzi mkubwa ni serikali za mitaa, nazo hutakiwa kuhakikisha alama zinaonekana usiku. Anayeuza karatasi za kuakisi mwanga au mabati ya alumini hana budi kujua daftari la mteja linasema nini.

Kanuni ya Desemba 2007 iliweka kiwango cha chini cha kuakisi mwanga wa taa za gari. Halmashauri zilipewa hadi Januari 2015 kubadilisha alama za amri na za tahadhari zilizofifia, na hadi Januari 2018 kwa majina ya mitaa. Kwa muuzaji, tarehe hizo zilifanana na oda.

Hata hivyo, Mei 2012 tarehe hizo za kubadilisha zilifutwa ili kuzipunguzia halmashauri mzigo wa gharama. Viwango vilibaki, pamoja na sharti la kuwa na utaratibu wa kutunza alama za amri na tahadhari ifikapo Juni 2014. Funzo kwa mwenye ghala ni kwamba tarehe ya serikali si fedha mkononi.

Utaratibu uliochaguliwa ndio unaopanga mauzo. Halmashauri inayobadilisha eneo zima kwa mkupuo huagiza mzigo mkubwa, kisha hukaa kimya kwa miaka. Inayofuata umri wa alama huagiza kidogo kidogo kila mwaka, mradi daftari linaonyesha mahali, aina ya karatasi na tarehe ya kufungwa. Inayokagua kwa macho usiku ni vigumu kuitabiria.

Ubora nao una hesabu yake. Karatasi ya bei nafuu yenye shanga za kioo huwahi kufifia, na ile ya daraja la chini kabisa hairuhusiwi kwa alama za tahadhari za njano. Ya prizimu ni ghali lakini hudumu zaidi. Kwa kuwa gari na mafundi hulipwa kila alama inapobadilishwa, rahisi huweza kugeuka ghali.

Mwekezaji mdogo aulize mambo mawili kabla ya kuweka fedha zake: halmashauri imechagua utaratibu gani, na je, bajeti yake imepitishwa?