Mzazi wa Kakamega Anahitaji Kundi, Si Mashine za Mazoezi

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama Mkenya likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Ikiisha, mwanamke wa Kakamega mjini hupanda bodaboda kutoka Lurambi, hukaa kitini hadi jioni, kisha hukimbilia nyumbani kunyonyesha. Hatembei, na wa kupiga naye soga hana. Mwenzake wa mashambani Shinyalu anachota maji, anapalilia mahindi na kubeba kuni, mtoto akiwa mgongoni ndani ya leso. Huyo ukimwambia afanye mazoezi atakucheka, na ana haki ya kucheka.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unashauri waliojifungua wapate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila wiki, na kazi za nyumbani zimo katika hesabu. Mama wa Shinyalu amezimaliza kabla ya Jumatano. Isitoshe, wanawake wa nchi hii wamewahi kuwashangaza wanasayansi kwa kutembea tu. Mwaka 1986 mwanafiziolojia Mkenya G.M.O. Maloiy na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba wanawake Waluo waliobeba mizigo kichwani, na Wakikuyu walioibeba kwa ukanda wa kipajini, waliweza kuchukua mzigo wa hadi humusi ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wakitembea mikono mitupu.

Lakini kujua kubeba hakumponyi aliyetoka leba. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na hiyo hurudi kiasi chake katika wiki chache. Tumbo ndilo hukawia. Misuli miwili inayoteremka kutoka mbavuni hadi kinenani husukumwa kando na mtoto anayekua, na utando unaoishikanisha hulegea kama mpira wa suruali uliochakaa. Huko Norway watafiti waliwafuatilia wanawake 300 waliojifungua kwa mara ya kwanza, wakatoa matokeo 2016. Wiki ya sita, 60 kati ya kila 100 walikuwa na mwanya huo tumboni. Mwaka ulipotimia, karibu 33 walikuwa nao bado. Basi mama wa miezi mitano anayelitazama tumbo lake kwenye kioo na kujiita mzembe anajionea bure.

Chini zaidi kuna misuli inayobana njia ya mkojo na ya haja kubwa. Ikilegea, mama akikohoa au kucheka mkojo humponyoka, na wengi hunyamaza miaka na mikaka wakidhani ndiyo gharama ya kuzaa. Daktari Mmarekani Arnold Kegel alieleza mwaka 1948 jinsi ya kuizoeza: kaza kana kwamba unazuia mkojo, hesabu pole pole hadi tano, legeza, rudia. Zoezi hili hufanyika hata kwenye foleni ya M-Pesa na hakuna atakayejua. Kukimbia kungoje. Wataalamu wa fiziotherapia walioandika mwongozo Uingereza mwaka 2019 wanasema miezi mitatu ipite kwanza.

Hapo msomaji atanitajia mwanariadha Faith Kipyegon. Alijifungua Juni 2018, akapata fedha ya mita 1,500 Doha 2019, kisha akaitetea dhahabu yake ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021. Ni kweli, ila Kipyegon hufanya mazoezi katika kambi ya Kaptagat, na kocha wake ni Patrick Sang. Watu humsifu kwa mapafu na miguu. Mimi humwonea wivu kwa wale wenzake wa kuamka nao alfajiri.

Wenzako hufanya nini hasa mwilini? Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 264 nchini Brazili. Waliwachezesha kwa vikundi, wengine wakienda sawa kwa hatua, wengine kila mmoja kivyake. Wengine kwa kujitupa mwili mzima, wengine wakiwa wameketi na kuchezesha mikono tu. Kisha wakawafunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha na kukijaza hewa hadi mtu aseme inauma. Waliotoka jasho walistahimili maumivu zaidi. Waliocheza kwa hatua moja nao walistahimili zaidi, hata pale ambapo jasho halikuwatoka sana, na wakasema wanajisikia karibu na wenzao. Wanasayansi wanahusisha jambo hilo na endofini, kemikali za mwilini zinazotuliza maumivu.

Waisukha na Waidakho wa Kakamega hawakungoja Oxford. Isukuti, ngoma yao ya kucheza, huwa na ngoma tatu zinazopigwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbishaji anatangulia, safu ya wanaume na safu ya wanawake zinamjibu kwa mabega na miguu, na kasi yake haimwachi mtu akiwa mkavu. Huchezwa harusini, matangani, na mtoto anapozaliwa. UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mama wa juzi hafai kurukaruka hivyo, hilo nalisema wazi. Aanze kwa kutembea, na mguu ukishazoea ngoma itamkuta.

Baba naye asijifiche nyuma ya gazeti. Utafiti uliofanywa Cebu, Ufilipino, na kutolewa 2011 ulionyesha kuwa wanaume wakishapata mtoto homoni yao ya testosteroni hushuka, na hushuka zaidi kwa wanaoshinda na mtoto. Mwili wake pia umebadilika, na sheria imempa wiki mbili tu.

Kundi lenyewe halihitaji kubuniwa upya. Mwaka 2012 wataalamu wa AMPATH, mpango unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi, walianzisha vyama vya wajawazito na wazazi Busia, vikiongozwa na wahudumu wa afya wa kijijini: mazungumzo ya afya, kisha akiba. Hawakupima mbio wala kiuno, ila jaribio la baadaye Trans Nzoia lilikuta asilimia 81 ya wanachama wamejifungulia katika vituo vya afya, dhidi ya 73 ya wasio na chama. Kakamega nako, tangu 2013, mpango uliojulikana kama Oparanya Care uliwapa akina mama maskini shilingi 12,000 kwa awamu, mradi wahudhurie kliniki. Wakahudhuria, wakaketi benchi moja siku moja, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Wauguzi wa kliniki za Kakamega, ombi langu ni dogo: mtoto akishachanjwa, wapangeni akina mama kwa vijiji na muwaache watembee pamoja kurudi nyumbani, waliopasuliwa wakiwa wameruhusiwa na daktari kwanza. Mwenye kuvuja damu upya, kifua kuuma au uzito usio wa kawaida ukeni arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Na waondoke asubuhi, maana mvua ya Kakamega hupenda alasiri.