Utajuaje Kwamba Mgonjwa Wako Anakaribia Kuaga?

Hakuna apendaye kutaja kifo mgonjwa angali hai. Huonekana kama kumchuria. Lakini kimya hicho kina gharama yake, mpenzi msomaji. Ni jamaa wangapi wameitwa nyumbani wakakuta mgonjwa keshapelekwa mochari?

Ikiwa daktari amekwisha kukueleza kwamba ugonjwa, tuseme saratani iliyoenea mwilini, hauna tiba tena, zipo dalili unazoweza kuziona mwenyewe.

Wiki za mwisho mgonjwa huishiwa na nguvu, hulala sehemu kubwa ya siku na kukataa chakula. Hapa ndipo jamaa hukosana: huyu anamlazimisha uji, yule analalamika kwamba mgonjwa anashindishwa njaa. Elewa kwamba mwili unaodhoofika hivyo hauhitaji chakula kama zamani. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Ukimlazimisha, anaweza kupaliwa. Mloweshe midomo kwa kitambaa safi chenye maji.

Zikibaki siku au saa chache, mkojo hupungua na rangi yake hukolea. Mikono na miguu huwa baridi, na ngozi hufanya mabaka. Pumzi huenda mbio, husimama kwa muda, kisha huanza tena. Huenda ukasikia mkoromo kooni kwa sababu hawezi kumeza mate. Mkoromo huo kwa kawaida huwatisha wanaosikia kuliko unavyomsumbua mgonjwa, mlaze ubavu. Akiwaita watu waliokufa zamani, usibishane naye.

Hata hivyo, usikate tamaa ovyo. Mtu aliyekuwa na nafuu akibadilika ghafula, mkimbize hospitalini. Malaria kali au sukari iliyoshuka humfanya mtu azirai, na yote mawili yanatibika.

Na asiyeweza kupona hapaswi kuachwa aumie. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka wa 1990, huwahudumia wagonjwa kama hawa, na baadhi ya hospitali zetu zina vitengo vya kazi hiyo. Waulize wahudumu kuhusu dawa ya mofini, nao wakufundishe jinsi ya kumtunza mgonjwa nyumbani.

Jambo la mwisho ni masikio. Mwaka wa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakikata roho, wasioweza hata kujibu, ulikuwa bado unaitikia sauti. Kwa hivyo usizozane juu ya shamba kando ya kitanda. Mshike mkono, mwite kwa jina alilozoea, mshukuru, mwombe radhi.

Dalili hizi ukiziona, mwite kasisi au shehe ikiwa angependa hivyo, na umpigie simu ndugu aliye mbali leo, si kesho. Maneno ya kuagana humfaa anayeweza kuyasikia, si jeneza.