Mchenza Nyumbani Kitengela: Tatizo Kubwa si Baridi

Kila Julai, wakazi wa Kitengela wenye michungwa na milimau uani huona majani yakipauka na miti kudumaa, na lawama zote huenda kwa baridi. Ni kweli kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, miti ya jamii hii huacha kuchipua. Lakini haifi. Mndimu ndio huumia kwanza, kisha mlimau, halafu mchungwa. Mchenza ndio mvumilivu kuliko yote, na usiku wa Kitengela hauutishi.

Kinachoua miti mingi ni udongo mweusi, ule unaonata viatuni wakati wa masika na kupasuka nyufa kiangazi. Maji hutuama ndani yake, mizizi hukosa hewa na kuoza. Shimo refu, ambalo karibu kila mtu hushauriwa kuchimba, hapa hugeuka beseni. Afadhali mkazi ainue tuta la nusu mita, lenye upana wa zaidi ya mita moja, kwa udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kisha apande juu yake. Kovu la kupandikizia mche libaki wazi, angalau sentimita 15 juu ya udongo.

Maji nayo yachunguzwe. Visima vingi virefu Kajiado hutoa maji ya chumvi, na michungwa haivumilii chumvi: ncha za majani huungua, kisha majani hupukutika. Maji ya mvua ni bora. Paa la mabati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, huteremsha karibu lita 1,000.

Hata hivyo, baridi huleta hatari moja ya kweli. Kidudu kinachoeneza ugonjwa wa kijani wa michungwa hupenda sehemu za juu zenye ubaridi. Huacha vinundu kwenye majani machanga. Mti ulioambukizwa hupata mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za jani, na matunda yake huwa madogo, yamepinda na ni machungu. Hauna dawa, hung'olewa na kuchomwa kabla haujaambukiza ya jirani.

Kwa hiyo miche ya bei rahisi inayouzwa kando ya barabara, isiyojulikana ilikotoka, inaweza kuingiza ugonjwa uani. Inunuliwe kwenye vitalu vinavyokaguliwa na KEPHIS, na mwenye shaka ampelekee afisa wa kilimo wa wadi picha za majani kabla ya kung'oa.