Watalii Habaswein: Watakunywa Maji ya Nani?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa pwani methali hii tunaijua vyema, maana ugeni umetupa kazi. Toka Lamu hadi Diani hapana mtaa usio na kijana anayewatembeza watalii, anayewapikia au anayewaendesha. Siku hizi kazi hiyo imevuka bahari, na vijana wetu wengi wako Dubai, Doha na Maskati.

Mmoja wao ni mpwa wangu. Kazi yake Dubai ni kuwachukua wageni alasiri hadi jangwani, kuwapandisha na kuwateremsha vilima vya mchanga kwa gari, kisha kuwafikisha kambini magharibi ikiingia. Huko hupanda ngamia hatua chache, hupakwa hina, hula nyama ya kuchoma, na baada ya isha wamo njiani kurudi. Siku zake za mapumziko naye hutembea: amefika Hatta milimani, na Al Ain kwenye mitende. Alipokuja likizo aliniambia, "Mjomba, nalipwa kuonyesha jangwa la watu, na la kwetu sijaliona. Nipeleke."

Basi tukapanda basi hadi Garissa, tukalala. Asubuhi tuliuliza kwanza habari za usalama, kama impasavyo kila msafiri wa njia ile, kisha tukashika njia ya Modogashe hadi Habaswein, katika kaunti ya Wajir. Jina la mji ni la Kisomali, maana yake vumbi kubwa, nalo halikusema uongo.

Uajabu wa Habaswein ni maji. Mto Ewaso Ng'iro, uanzao katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, huja kufia katika kinamasi cha Lorian, juu kidogo ya mji. Mvua ikizidi, maji hupenya na kufuata Lagh Dera kuelekea Somalia. Mvua ikikosa, mtu huona mchanga mtupu. Yanayonywewa hutolewa chini sana ya ardhi, kwa visima vilivyochimbwa kwa mitambo.

Hapo nikamkumbusha kijana kwamba yeye si mtu wa pwani wa kwanza kuhangaika na wageni pande hizi. Mwezi wa Septemba 1892, tajiri kijana wa Kimarekani, William Astor Chanler, alitoka pwani kufuata mto Tana pamoja na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria. Mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi wa Unguja na pwani, zaidi ya watu mia moja. Wageni hao wakashuka na Ewaso Ng'iro wakitafuta ziwa waliloambiwa lipo, wakakuta kinamasi. Maporomoko ya mto huo yakaitwa kwa jina la Chanler, naye akatoa kitabu mwaka 1896. Wapagazi hawakuitiwa hata kijito. Mwaka 1893 wengi wao walimwacha wakarudi pwani, wakalalamika kwamba wametendewa vibaya.

Nje ya mji tulikaribishwa na mzee mmoja mfugaji. Nyumba yake ni aqal, ya fito na mikeka, ambayo mkewe huivunja na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Tulipewa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kwa kuwa chombo hufukizwa kabla ya kukamuliwa. Mpwa wangu alitazama kila kitu kwa jicho la kazi. "Mjomba," akaninong'oneza, "kule Dubai hema tunalisimamisha kwa ajili ya mgeni. Hapa ni nyumba ya mtu kweli. Wageni watakuja!"

Mzee alisikia, na Kiswahili anakijua. Akasema, "Hapa mgeni hafukuzwi, mwanangu. Lakini hao wageni wako watakunywa maji ya nani?"

Kijana hakuwa na jibu. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, toka mwisho wa 2020 hadi 2022, na wafugaji wakapoteza mifugo mingi. Mwisho wa 2023 yakaja mafuriko. Mahali kama hapo, mgeni anayetaka kuoga mara mbili kwa siku anaoga maji ya ngamia wa mtu.

Sisemi utalii usifike Habaswein. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kila mgeni ana mwenyeji wake, na biashara yake yote hupitia kwa mwenyeji huyo. Huo ndio utaratibu wa kuufuata: wageni wachache, usalama uwapo, kwa ruhusa ya wazee, wakinywa kwa kiasi watakachopimiwa, na malipo yaingie mkononi mwa mwenye aqal kabla ya wakala wa Nairobi.

Nasi tulioko pwani swali lile latuhusu pia. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vilivyo katika vilima vya mchanga vya Shela, na majengo yameendelea kuvisogelea vilima hivyo mwaka baada ya mwaka. Kila tunapoulizwa ruhusa ya hoteli nyingine, na tumwulize mwenye kuijenga kama mzee wa Habaswein alivyomwuliza mpwa wangu. Asipokuwa na jibu, mwenyeji hataponea kwa mgeni huyo.